Kitanda cha Jozi Bora

Jaribu Othman hakuwa na koti. Alilovaa lilikuwa la jirani, na mikono yake ilikomea karibu na viwiko. Hakuwa na viatu vya ngozi. Hakuwa na hotuba mfukoni, wala jino la mbele la kumfaa siku ya kupigwa picha. Nyumbani kwake Ole hakuwa na umeme, na kwa hiyo hakuwa na televisheni ya kujitazama. Na tangu pale tulipomwacha wiki iliyopita, hakuwa na mke.

Aliyempokonya mke huyo alikuwa mkwewe mwenyewe, Mzee Kificho Bakar wa Pujini. Mzee alisimama katikati ya ukumbi wa Chake Chake, mbele ya kamera zilizokuwa zikirusha sherehe visiwa vyote, akasema kwa sauti ya mtu anayeadhini:

"Moza, teremka hapo. Huyo si mumeo tena."

Jukwaani, Jaribu alikuwa ameshika upande mmoja wa tuzo, tawi la karafuu la shaba, na Moza ameshika upande wa pili. Nyuma yao kilisimama kitanda cha mninga, sita kwa sita, kimefungwa utepe mwekundu. Ndicho kilichokuwa zawadi ya washindi wa Jozi Bora ya Mwaka.

Kwa msomaji aliyelikosa gazeti la wiki jana, mambo yalikuwa hivi.

Tuzo za televisheni hutolewa Unguja kila mwaka. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, zilivuka bahari zikaja Pemba, na Wapemba walivaa kama wanaokwenda Idi. Mtangazaji bora alichaguliwa kijana wa habari za michezo, akatoa shukrani ndefu kuliko mechi. Mchekeshaji bora alijikwaa ngazini akiifuata tuzo yake, watu wakadhani anachekesha, wakampigia makofi hadi alipoonyesha goti linalovuja damu. Kisha ikaja Jozi Bora, yaani mume na mke walioigiza vizuri kupita wote, na ushindi ukaenda kwa Jaribu na Moza, katika mchezo wa *Jiko la Pili*.

Jaribu ni fundi baiskeli. Moza ni mkewe wa kweli, nje ya mchezo na ndani ya mchezo, mwanamke wa maneno machache yanayofika. Aliyeutunga mchezo na kuusimamia ni Mwalim Shaame, mkuu wa skuli, mtu asiyependa uongo hata katika maigizo. Kwake, mwigizaji alitumia jina lake mwenyewe, kikombe cha chai kilikuwa na chai, na baba wa bibi harusi alikuwa baba wa bibi harusi. Majaji waliusifu mchezo kwa jambo hilohilo. Walisema ndoa ya mke wa pili ilionekana ndoa hasa, na talaka ya mke wa kwanza ilionekana talaka hasa.

Ndipo wakakionyesha kipande cha talaka.

Katika kipande hicho Jaribu amesimama mlangoni, kidole kimenyooka. Mwanamke amekaa mkekani, buibui limemfunika kichwa na uso, ameipa kamera mgongo. "Weye uliyekaa hapo," anasema Jaribu, "nimekuacha. Talaka tatu." Mwanamke anainama, mabega yanatikisika.

Ukumbi ulipiga makofi. Mzee Kificho hakupiga. Mchezo ulipoonyeshwa mara ya kwanza, umeme ulikuwa umekatika Pemba nzima, na kipande kile alikuwa hajakiona maishani. Na tangu ujana wake alisoma darasani kwamba ndoa na talaka hazina mzaha. Mtu akizitamka kwa kuchezea, zimeshatamkwa.

Basi tuendelee.

Mtangazaji wa sherehe, binti wa mjini, alicheka kwanza. Alidhani ni sehemu ya ratiba. Alipomwona Mzee anapanda jukwaani na bakora yake, aliacha kucheka akaomba taarab, na visiwa vyote vikasikilizishwa taarab ambayo hakuna aliyeipanga.

Walikutana katika chumba cha kubadilishia nguo, wakafunga mlango. Walikuwa watano: Jaribu, Moza, Mzee Kificho, mkewe Bi Mwatima aliyekaa juu ya sanduku la nyaya, na Mwalim Shaame aliyesimama pembeni, akiyatazama sana viatu vyake.

Jaribu alijitetea kwamba ule ulikuwa mchezo. Mzee alimjibu kuwa hilo ndilo hasa analolisema. Jaribu akasema hakuwa na nia. Mzee akasema hajamuuliza habari za moyo, anamuuliza habari za ulimi.

"Ulitamka au hukutamka?"

"Nilitamka, Mzee."

"Mara moja?"

Jaribu ni mtu mkweli, na ukweli huo umemponza mara nyingi. Alieleza kwamba mara ya kwanza jogoo aliwika. Mara ya pili betri ya kamera ilikwisha. Mara nyingine alicheka yeye mwenyewe, ikabidi waanze upya.

Mzee Kificho alimtazama kama anavyotazamwa ng'ombe aliyeingia kwenye muhogo wa watu.

"Kwa hiyo ulimwacha mwanangu talaka tatu, kisha mkairudia mpaka mkapata inayopendeza."

Moza alimgeukia Mwalim Shaame. Akamuuliza kwa adabu kama hana la kusema. Mwalim alikohoa, akasema suala ni zito, linataka wanazuoni.

"Ile miguu si ya mwanangu," alisema Bi Mwatima kutoka juu ya sanduku. "Kisigino kile mimi sikukizaa."

Mumewe alimwomba asilete mambo ya visigino katika mambo ya dini.

Wakatoka kwa mlango wa nyuma. Huko walikuta tatizo jingine linawangoja juu ya lori. Dereva wa lori alitaka kujua kitanda anakipeleka nyumba gani. Jaribu akasema Ole. Mzee akasema kitanda cha mume na mke hakiwezi kwenda kwa mtu asiye na mke. Jaribu akauliza kama basi kinaweza kwenda kwa mke asiye na mume. Mzee akaigonga bakora ubavuni mwa lori. Dereva alichoka. Akakifungua kitanda palepale kwa spana. Mbao za kichwani na za miguuni akazipeleka Ole. Mbavu, chaga na godoro akazishusha Pujini.

Na Moza akashuka pamoja na godoro.

Sasa sogea karibu, msomaji, kwani kuna jambo ambalo Pemba nzima watu watatu tu walilijua.

Bi Mwatima alisema kweli. Yule mwanamke wa mkekani hakuwa Moza.

Msimu wa karafuu wa mwaka uliopita, siku ya kupiga picha kipande kile, Pujini kulikuwa na mchezo wa ng'ombe. Mzee Kificho, aliyekwisha kuambiwa na mkewe kwamba umri wa kuchezea fahali umempita, aliingia uwanjani na kitambaa chake mbele ya zumari na vigelegele. Fahali hakujali umri wa mtu. Mzee alibebwa akarudishwa nyumbani na mbavu zinazomuuma, na Moza akaacha kila kitu Ole akaenda kumuuguza babake.

Mpigapicha alitoka Unguja na meli yake ilikuwa inaondoka siku hiyohiyo. Mwanamke mwingine hakupatikana; wote walikuwa mashambani wakichuma. Mwalim Shaame alizunguka ua mara kadhaa akifikiri. Kisha mkuu wa skuli, mjumbe wa kamati ya msikiti, alilitwaa buibui la Moza lililotundikwa mlangoni, akalivaa, akakaa mkekani, akaipa kamera mgongo, akalia.

Alilia vizuri. Alilia mpaka akapata tuzo.

Baadaye aliwaapisha Jaribu na Moza wasilitaje jambo lile mpaka wanaingia kaburini. Jaribu aliapa bila ya kufikiri, kwa sababu Mwalim Shaame ndiye aliyemfundisha kusoma na kuandika ukubwani, katika darasa la jioni, alipokuwa akiona aibu hata kushika kalamu mbele ya watu. Mtu aliyekupa herufi zako, humnyimi neno moja.

"Kiapo kina kafara," Moza alimnong'oneza pale penye lori. "Utafunga siku tatu, yatakwisha. Hili halina kafara."

Jaribu alimjibu kwamba Mwalim atasema mwenyewe. Kesho tu, atasema.

Kesho ikapita, Mwalim hakusema. Alikwenda skuli, akafundisha, akarudi, akafunga mlango.

Pujini, Moza alijaribu kwa njia yake. Alimwambia babake kwamba siye yeye aliyekaa pale mkekani. Mzee akamuuliza ni nani basi. Moza akafungua mdomo, akakumbuka kiapo, akaufunga.

Mzee alitikisa kichwa. Hakuwa amefurahi, msomaji, usimdhanie vibaya. Alikuwa amekwenda kwa mashehe wawili. Mmoja alimwambia talaka ya maigizo si talaka. Wa pili alimwambia ni talaka. Mzee alishika la yule wa pili, kwani alikuwa mtu wa kuchagua zito akiogopa kuchagua jepesi.

"Mwanangu," alimwambia Moza, na macho yake yalikuwa na maji, "mimi mtu huyo nilimzoea. Baiskeli yangu ananitengenezea bure. Lakini siwezi kufa nikaulizwa nilikuwaje nikakuacha katika nyumba isiyo yako."

Ole nako mambo yalikuwa yakiendelea. Watu wenye baiskeli nzima walizileta kutengenezwa, wapate kumtazama Jaribu uso. Mmoja alimuuliza kama tuzo ya Jozi Bora hupewa kabla ya talaka au baada yake. Mwingine alitaka kujua atalala vipi juu ya mbao za kichwani. Kutoka Chokocho, Mwanawema, yule msichana aliyeigiza mke wa pili, alimletea salamu na kuuliza kama anakula. Jaribu alizipokea salamu, akaendelea kuziba pancha. Maana yake hakuipokea.

Kisha akatokea Mmanga.

Mmanga ni tajiri wa duka la Chake, mwigizaji naye, na katika tuzo zile alishika nafasi ya pili. Nafasi ya pili alikuwa ameizoea. Miaka mingi nyuma alimposa Moza, na Moza akamchagua fundi baiskeli, kwa sharti moja alilolisema mbele ya babake: siku Jaribu atakapooa mke wa pili, yeye atarudi Pujini kwa miguu yake wala hataitwa mara mbili. Jaribu alilikubali sharti lile kwa furaha. Hakuwa na uwezo wa kuoa hata nusu mke mwingine.

Mmanga alimwendea Mzee Kificho na sura ya masikitiko. Alisema anafahamu kwamba mwanamke wa talaka tatu harudi kwa mumewe mpaka aolewe na mwingine. Alisema yupo tayari kuwa huyo mwingine. Mzee akamtahadharisha kwamba hataki ndoa ya hila, ya kuoa leo na kuacha kesho. Mmanga alitabasamu.

"Mzee wangu, nani kakwambia mimi nitamwacha?"

Mzee akasema hata hivyo lazima wangoje eda. Hapo Mmanga akatoa alilokuja nalo.

"Eda ya nini? Talaka hatukuitoa juzi ukumbini, juzi tuliitazama tu. Ilitoka siku ya kupigwa picha, msimu wa karafuu uliopita. Eda imekwisha zamani. Ijumaa hii inafaa."

Mzee Kificho aliihesabu miezi kwa vidole. Hesabu ilikuwa sawa, na hakuweza kuikataa bila ya kukataa na maneno yake mwenyewe.

Moza alipoambiwa hakulia wala hakubisha. Alimtumia Mwalim Shaame ujumbe kwa mdomo wa mamake. Bi Mwatima alitembea hadi Ole, akabisha hodi, akaufikisha mlangoni kama alivyopewa:

"Moza anasema, Ijumaa anaolewa kwa sababu yako. Njoo ule pilau."

Na Ijumaa ikafika.

Baada ya sala, baraza ya Mzee Kificho ilijaa. Mmanga alikaa mbele, joho limempendeza kweli, na gari ya kukodi inangoja nje, kwani alipanga kuiwahi meli ya Mkoani na kumpeleka bibi harusi Unguja siku ileile. Moza alikuwa ndani, nyuma ya pazia, na Bi Mwatima ameziba mlango kwa kiti na mwili wake. Mwalim Shaame alikuja. Alipofika, Mzee Kificho alifurahi sana, akamkaribisha mbele, akamwomba awe shahidi wa ndoa, kwa kuwa hapana mtu mwaminifu kupita yeye.

Mwalim alikaa. Jasho lilimtoka mpaka kofia ikabadilika rangi.

Ndipo iliposikika kengele ya baiskeli.

Alikuwa Jaribu. Amefunga ubao wa kichwani upande mmoja wa baiskeli na wa miguuni upande wa pili, na yeye mwenyewe katikati, anaisukuma. Kutoka Ole hadi Pujini alikuja hivyo, watu wakimpisha njiani kama wanaopisha jeneza.

Vijana walianza kucheka. Walipomwona uso, wakaacha.

Alitoa salamu, akaitikiwa. Mzee Kificho akamuuliza amefuata nini.

"Sikufuata kitu, Mzee. Nimeleta mbao. Kule hazinifai, na hapa chaga zimekaa chini. Moza mgongo wake haupendi kulala chini. Nikishakiunga kitanda, nitaondoka."

Akatoa spana mfukoni, akapiga magoti uani, akaanza kutafuta bolti za kukazia. Hakumtazama Mmanga. Wala hakumtazama Mwalim Shaame hata mara moja.

Mwalim angestahimili mengi. Angestahimili matusi, angestahimili hata kiapo kuvunjwa mbele yake, kwani angekasirika na hasira ingemfaa. Lakini Jaribu alikuwa amepiga magoti pale na siri bado ipo mdomoni mwake, haijaguswa.

"Weka spana chini, Jaribu," alisema Mwalim. "Mzee Kificho, mimi siwezi kushuhudia ndoa hii. Mwanamke aliyeachwa hakuwa Moza."

"Alikuwa nani?"

"Mimi."

Mmanga alikuwa wa kwanza kupata sauti. Alisema huo ni uongo wa marafiki, Mwalim anamtetea mwanafunzi wake, na alete ushahidi. Mzee Kificho, mtu wa haki, alikubali kwamba ushahidi unahitajika.

Mwalim Shaame alisimama. Akaomba buibui.

Pazia lilifunguka kidogo, mkono wa Moza ukatoa buibui jeusi, lilelile. Mwalim alivua kofia yake, akamkabidhi mtu aliyekaa karibu. Akavua viatu. Akalivaa buibui, akajifunika uso, akakaa mkekani, akawapa watu mgongo. Na mkuu wa skuli, mbele ya wazee waliompa watoto wao awafundishe, akainama akaanza kulia, mabega yakitikisika.

Kila mtu aliyaona mabega yale. Na kila mtu aliviona visigino.

"Nilisema," alisema Bi Mwatima.

Mzee Kificho alizunguka akamtazama upande huu na upande ule. Kisha akauliza siku ile Moza alikuwa wapi. Moza akajibu kutoka ndani kwamba alikuwa hapahapa, anamkanda babake mbavu, siku aliyochezewa na fahali.

"Nilimchezea mimi," alisema Mzee. Lakini mkono wake ulikuwa umeshakwenda mbavuni wenyewe.

Mmanga hakukata tamaa. Alisema iwe iwavyo, maneno yametamkwa, na talaka ikitamkwa lazima imwangukie mtu.

"Imemwangukia," alisema Bi Mwatima kutoka mlangoni. "Jaribu kasema weye uliyekaa hapo, na aliyekaa hapo huyu. Eda yake imekwisha zamani, kama ulivyotupigia hesabu mwenyewe. Haya, Bwana Mmanga, bibi harusi wako ameshavaa."

Baraza ilipasuka. Watu walicheka mpaka wengine wakashuka uani kupumua. Mwalim Shaame alijifunua uso, na ndani ya buibui lile naye alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, ya kweli sasa. Aliogopa watu watamcheka kwa mwaka mzima. Walimcheka, na bado yu hai, na mzee mmoja akamrudishia kofia yake kwa mikono miwili.

Mzee Kificho alimwinua Jaribu, akamshika mkono, akamwambia maneno mafupi: mkeo yumo ndani, mwombe radhi kwa niaba yangu, mimi nitamwomba baadaye. Moza alitoka. Alishika pembe moja ya ubao wa kichwani.

"Kitanda kinakwenda Ole," alisema. "Kizima."

Hapo Mwalim Shaame akavunja furaha. Alisema kitanda si chao.

Na kweli, msomaji, hakikuwa chao. Tuzo ilitolewa kwa mume na mke wa kipande kile, na mke wa kipande kile alikuwa Mwalim. Jaribu alikitazama kitanda. Hajapata kumiliki kitu kizuri kama kile. Akamtazama Moza. Moza akashusha pumzi, akasema amelala juu ya kitanda cha kamba miaka yote na hakuanguka.

Wakakubaliana waandike barua kwa kamati ya tuzo, waeleze ukweli, na warudishe tawi la shaba pamoja na kitanda. Jaribu aliomba aandike yeye. Mwalim akampa kalamu na karatasi, akakaa pembeni bila ya kumsahihisha hata herufi, na hilo kwa Mwalim ni kazi kubwa kuliko kuvaa buibui.

Barua ilieleza kila kitu. Ilipofika mwisho, Mzee Kificho akasema haitoshi. Aliona wakubwa wa Unguja wanaweza kudhani mchezo mzima ni udanganyifu, na Wapemba wote ni waongo.

"Ongeza," aliamuru. "Andika kwamba ukiacha kipande hicho kimoja, mengine yote yaliyoonekana katika mchezo ule yalitendwa na wenyewe, kwa majina yao ya kweli, mbele ya mashahidi."

Jaribu aliandika. Aliandika kwa mwandiko mzuri, pole pole, akaweka nukta mwishoni. Akatia sahihi. Mwalim akatia sahihi. Mzee Kificho akatia sahihi yake ya herufi za Kiarabu, akaikunja karatasi, akaitia katika bahasha, akalamba gundi na kuikandamiza kwa kiganja juu ya goti.

Ikabaki kupata wa kuipeleka. Mmanga, aliyekuwa akikusanya joho lake kimya kimya, akasema meli ya Mkoani bado ataiwahi, na ofisi za kamati zipo karibu na anapofikia. Wote waliona huo ni uungwana mkubwa kwa mtu aliyekosa mke mchana uleule. Mzee akampa bahasha kwa mkono wake.

Mmanga aliitia mfukoni, akaingia garini, gari ikawashwa. Kisha akatoa kichwa dirishani, mpole kabisa.

"Jaribu, nikuulize. Yule mke wa pili katika mchezo, Mwanawema wa Chokocho. Alikuozesha nani?"

"Babake, Mzee Safari," alisema Jaribu, bado anacheka. "Mwalim alitaka walii wa kweli."

"Na mashahidi?"

"Walikuwapo."

"Na mahari?"

"Nilimpa baiskeli. Mpaka leo anaipanda."

"Na ulipoulizwa kama umekubali, ulisemaje?"

Jaribu alifungua mdomo amjibu, na kicheko kikafia hapohapo. Mzee Kificho, aliyesoma tangu ujana kwamba talaka haina mzaha na ndoa haina mzaha, aliusimamisha mkono wake katikati ya ndevu. Mwalim Shaame akarudi kuvitazama viatu vyake.

Moza aliuweka chini ubao wa kichwani, pole pole, akaulaza juu ya mchanga wa Pujini.

"Barua yenu nitaifikisha," alisema Mmanga, akiupapasa mfuko wake. Gari ikakata kona kuelekea Mkoani, na bahasha imo ndani, imefungwa vizuri, ina mwandiko wa Jaribu na sahihi ya mkwewe.